Vua Sweta Kwanza

Julai, Kihesa. Upepo hauna adabu,
unaingia kwa chini ya mlango
na vumbi jekundu la barabara ya shule
na ukavu unaopasua midomo.
Usiku nikigeuza blanketi la manyoya
linanijibu: ta, ta, ta,
cheche za bluu, ndogo kuliko punje ya ulezi.
Utotoni tulizima taa makusudi ili tuzione,
mimi na Odilo,
tukivua masweta kwa pamoja gizani,
nywele zimesimama kama za paka aliyeona mbwa,
Mama akifoka chumba cha pili: laleni, wachawi nyie!

Hatukujua mchezo ule una meno.

Mwaka jana Odilo alifungua kompyuta yangu,
hii ninayochapia mitihani ya kata,
kadi za harusi, ratiba za mazishi
(wafu hawasubiri, na wenye harusi hawalipi).
Alitaka kunisaidia. Ilikuwa nzito, inakohoa.
Akakaa kwenye kapeti la nailoni na soksi zake,
na sweta alilofuma Mama, rangi ya parachichi,
akachomoa kijiti cha kumbukumbu
akakishika katikati kama hindi la kuchoma.
Hakuna moshi. Hakuna harufu.
Tulipowasha ililia mara tatu
ikanyamaza.
Mzee Luhanga akazikwa bila ratiba,
nami nikamwambia ndugu yangu maneno
ambayo hayana kitufe cha kufuta.

Fundi Mgongolwa wa Miyomboni hakucheka.
Alikigeuzageuza kile kijiti kwenye mwanga wa dirisha.
"Umeme tuli," akasema, "haupigi kelele.
Mpaka wewe uusikie kwenye ncha ya kidole
umeshakuwa mkubwa.
Huyu anakufa kwa ule ambao hata huuhisi.
Na siku nyingine hafi, anaugua tu,
anakufanyia kazi miezi miwili, halafu anakuaibisha
usiku wa kuamkia msiba."
Akanipa kingine, ndani ya mfuko wa kijivu unaong'aa.
"Usikitoe humo mpaka uwe tayari.
Wewe, siyo kompyuta."

Leo niko tayari. Nadhani.
Nimechomoa waya ukutani.
Meza ya mninga nimeifuta kwa kitambaa chenye unyevu,
sufuria ya maji ya moto inafuka kwenye kona.
Blauzi ya pamba, basi.
Miguu peku juu ya saruji,
baridi ya Iringa inapanda mpaka kwenye magego.

Mama amesimama mlangoni na lile sweta.
"Ufe kwa nimonia kwa ajili ya bati?"
Mama, sweta lako ndilo lililoua.
Sikulisema hilo. Nimesema: nitalivaa nikimaliza.
Utamwelezaje mtu aliyefuma miezi minne,
kwa mwanga wa koroboi,
kwamba joto lake lina cheche?

Kabla ya yote nagusa bati.
Si penye rangi. Pale penye chuma kitupu,
karibu na skrubu.
Napiga hodi kwa kiganja kizima.
Nilichobeba chote, cha blanketi, cha upepo,
cha kitana cha plastiki asubuhi,
kiishie hapa kwenye mifupa yako,
kisifike kwenye ubongo.
Nasogea kuchukua bisibisi. Nagusa tena.
Kwa mgonjwa hodi haipigwi mara moja.
Kijiti nakishika kingoni,
kama picha ambayo haijakauka,
nasukuma.
Tak.
Mfupa umerudi mahali pake.

Nafunika, narudisha waya, nabonyeza.
Mlio mmoja.
Mmoja tu!

Nimempigia Odilo. Yuko Makambako, anapakia mbao,
upepo unakula nusu ya maneno yake.
Imewaka, nikasema.
Kimya kidogo. Kisha: "Ulivua sweta?"
Na Mama, ambaye hakusubiri jibu la mtu,
ananivisha kwa nyuma, kichwa kwanza,
lile la parachichi, linalia ta, ta, ta masikioni,
nami narudi nyuma hatua tatu kutoka mezani,
mikono kwapani,
nikicheka kwenye simu mpaka machozi.