Daftari la Maziwa

Nyuma ya ukurasa wa Februari,
ninapoandika lita za kila alfajiri,
usiku huu nimeandika sukari yako.
Saa nne: mia mbili themanini na saba.
Nimeipigia mstari chini, mara mbili,
kana kwamba mstari ni uzio.

Umetapika mara tatu, Bainzu,
mara ya kwanza ndani ya ndoo ya jibini.
Mama yako, huko Torino anakotandika vitanda vya wageni,
hilo la ndoo sitamwambia.

Bibi Tonina kasimama mlangoni, shali mabegani:
"Mtoto hajatia kitu mdomoni tangu jana.
Sindano ya nini kwa tumbo tupu?"
Nami, Mungu anisamehe, niliiweka chini kalamu ya insulini,
maana maneno yake yalikuwa na akili ya zizini:
asiyekula hanenepi.

Lakini mwili una ghala lake.
Homa ikibisha, ini hufungua milango yote,
hugawa akiba kama bawabu aliyeingiwa na kiwewe.
Sukari hurundikana damuni, haina wa kuifungulia;
mwili unalia njaa katikati ya shehena,
unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe,
na moshi wake ndio huu ninaounusa kinywani mwako:
matufaha yaliyosahaulika kapuni.

Daktari Useli alitueleza haya kule Nuoro, Oktoba,
wewe ukiwa mzima, ukihesabu vigae vya dari.
Karatasi yake iko mlangoni pa friji.
Mstari wa kwanza, kwa wino mwekundu:
*Hata asipokula, insulini haiachwi.*
Nikamsomea bibi yako.
Hakuitazama karatasi, alinitazama mimi,
kisha akaenda kuchemsha maji.

Saa sita: mia tatu na mbili.
Ketoni, moja nukta nne.
Tone limetoka kidole cha pete;
cha shahada umenikataza,
hicho, unasema, ni cha kuchezea simu.
Daktari wa zamu ana sauti ya msichana aliyekosa usingizi:
ongeza yuniti mbili, mnyweshe, pima tena.
Ketoni zikifika tatu,
au maji yenyewe yasipokaa tumboni,
usinipigie, washa gari.

Gari nimeligeuza, pua iangalie barabara.
Mistrali inarusha theluji juu ya Orune,
na minyororo ya magurudumu imekaa kiti cha mbele
kama abiria asiyependa mazungumzo.

Haba na haba.
Kijiko cha maji. Nahesabu hadi mia.
Kijiko.
Mia.
Bibi kaupokea mkono wangu ulipochoka,
yeye anahesabu kwa Kisardinia, polepole kuliko mimi,
na kijiko chake hakimwagi.

Saa nane: mia mbili tisini na moja.
Saa kumi: mia mbili arobaini na nane,
ketoni, sifuri nukta tisa.
Sikushangilia.
Kondoo akizaa usiku, humpi mtoto jina
mpaka asimame.

Kulipokucha viwele vilikuwa vimejaa, kundi linapiga kelele.
Bobore wa shamba la chini alikuja bila kuitwa,
aliona taa yetu haikuzimwa.
Akakamua. Akapaza sauti kupitia dirisha:
"Mia moja arobaini na mbili!"

Nilikuwa nimesinzia juu ya kiti.
Nilipofumbua macho, Tonina alikuwa ameinamia daftari
bila miwani, kalamu mkononi,
na ndani ya safu yako, chini ya saa kumi,
mia moja arobaini na mbili.
Kwa pumzi moja nzima
niliamini umepona.

Lita, mwanangu. Ameandika lita.
Wewe ulikuwa mia mbili na kumi na moja,
umenuna, unadai mkate mkavu.

Sikufuta kitu.
Mwisho wa mwezi karani wa ushirika ataufunua ukurasa,
atavua miwani, ataivaa tena,
ataniuliza ni kondoo gani huyu
anayekamuliwa saa nane za usiku.