Gego la Somoe

Newala ukimwaga kata moja ya maji, watu watatu wanageuka.
Mimi leo naomba ukavu:
gego moja likauke, nusu dakika tu.

Somoe, miaka saba, ulimi haukai.
Nabana pamba shavuni, inalowa. Nabana nyingine.
Bondeni mwa gego upo mstari mweusi,
mwembamba kama unywele ulioangukia uji.

Baba yake, fundi Chilumba, huziba matangi ya mvua.
Saruji imemganda kwenye kucha.
"Ufa hauzibwi na uchafu wake," ananiambia.
"Unakwangua kwanza, mpaka ufikie pagumu."

Kwa tangi, sawa, fundi.
Lakini aliyemo humu anakula.
Anangoja kashata, anangoja chai ya asubuhi,
nami namfungia mlango akiwa ndani.

Dawa chachu. Suuza. Kausha.
Gundi inashuka, inaingia kila kijifereji,
kama mvua ya kwanza inavyolijua paa bovu.
Nawasha taa ya buluu. Fundi anahesabu kwa sauti,
anafika ishirini na moja, ubishi umemtoka.

"Kwa hiyo mdudu bado yupo?" Somoe, mate kidevuni.
"Yupo."
"Anafanya nini?"
"Ana njaa."

Anauma meno taratibu, kama anayesikiliza.

Mlangoni fundi anageuka:
"Gundi hiyo inakaa vifuku vingapi?"
Mlete msimu wa korosho, namwambia, niitazame.
Anaitikia kwa kichwa, kwa mara ya kwanza.
"Na mimi," anasema, "hurudi kukagua."