Kitunguu chenye Manyoya Saba

Mume wangu huandika mahubiri kwenye meza ninayokandia unga.
Nimemkanya miaka thelathini na moja, kama nampigia mbuzi gitaa.
Ndiyo maana Mathayo ana doa la mafuta,
na Isaya alinukia uwatu mwaka mzima.

Kwetu Armenia padri wa kijiji huoa.
Waumini humwita Baba Vrtanes. Mimi humwita Vrto,
hasa akikanyaga unga kwa viatu vya theluji.

Noeli yetu ni tarehe sita Januari.
Yeye huzamisha msalaba katika maji, akayabariki,
nami nachemsha samaki, napepeta mchele wa pilau,
zabibu kavu ngumi mbili, mchicha wa kopo.
"Neno akafanyika mwili," anajaribu sauti dirishani.
"Na mwili una njaa," namwambia. "Kanawe."

Siku ya Mtakatifu Sargis nawaokea wasichana vimkate vya chumvi.
Huvila, wakalala bila maji;
atakayewanywesha ndotoni, huyo ndiye mume.
Mwaka ule nilikula kimoja, mtu mzima mie,
nikamwota mwanangu Hrayr kando ya kisima,
ndoo mkononi, kavu.
Sikumwambia mtu.

Kisha Kwaresima. Natundika kitunguu darini,
manyoya saba ya kuku yamechomekwa, sita meusi, moja jeupe.
Kila juma tunang'oa moja.
Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai.
Ni dengu, na kabichi chachu, na maharage kwa jozi zilizotwangwa,
na maganda ya vitunguu nayaweka mfukoni
kwa ajili ya kuyapaka mayai wekundu wa Pasaka.

Jumapili ya Mwana Mpotevu
tulikuwa tumebakiwa na manyoya matano.
Hrayr yuko Krasnodar, anajenga nyumba za watu.
Simu ya mwisho ilikuwa Oktoba.
Usiku wa kuamkia siku ile Vrto alisoma karatasi yake,
naosha sufuria:
ndama, pete, viatu, ngoma.
Nikamwuliza, "Na huyo ndama alipikwa na nani?"
Akaniangalia kama nimemwaga mafuta ya krisma.

Kanisani alifika pale baba anapomwona kijana angali mbali,
akanyamaza.
Nilihesabu mishumaa: kumi na tisa.
Bibi Haykanush alikohoa ili kumsaidia.
Akaikunja karatasi, akasema:
"Mke wangu ameniuliza ndama alipikwa na nani.
Sijui. Injili haikutaja.
Ila baba asingekaa barabarani siku zote hizo
kama ndani hapakuwa na mtu anayechochea moto."
Akarudi madhabahuni. Basi. Hata amina alisahau.

Mlangoni Haykanush alisema mahubiri yalikuwa mafupi,
Mungu ambariki, miguu inamuuma.

Unyoya mweupe ukang'oka. Mayai yakawa mekundu.
Tukagonganisha, langu likavunjika la kwanza.
Hrayr hakuja.

Alipiga simu Julai, sikukuu ya kumwagiana maji.
Watoto wa jirani walikuwa wamenilowesha hadi nywele,
simu inateleza mkononi kama samaki.
Hakusema nimekosa. Hakusema narudi.
Alisema, "Mama, maharage mekundu hulowekwa muda gani?"
"Usiku kucha," nikasema. "Na maji ya kwanza uyamwage."
"Chumvi?"
"Mwishoni, mwanangu. Ukiitia mapema hayaivi."
Kukawa na kelele za nyundo, laini ikakatika.

Sasa ni Agosti. Zabibu zimeiva kwenye kichanja
na hakuna anayeonja mpaka zibarikiwe Jumapili;
hata nyigu nawafukuza.
Vrto amekaa mezani, kalamu sikioni.
"Nihubiri nini?" anauliza.
"Kwanza nyanyua kiwiko," namwambia,
"umelalia unga."