Jibu kwa Mgeni wa Chumba Namba Tisa

Umeacha kijikaratasi chini ya kikombe:
"Nina siku mbili. Wenyeji huenda wapi?"
Kiswahili cha kitabuni, ila hakina kosa.
Nami nakujibu nyuma ya risiti ya dobi,
maana karatasi nyingine humu ndani ni ya choo.

Kile kitabu chako cha ramani kiache kitandani,
nitakifunika shuka kipumzike.
Kinasema uende Dunga ukaone jua likizama.
Nenda, sikukatazi.
Ila mimi ningekwenda alfajiri,
wakati wanawake wanagombania omena mbichi
na ndoo zinalia kama ngoma za kanisa letu.
Usipige picha kabla hujanunua kitu.
Mtafute Pelesia, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto,
umwambie, "Nereah wa gesti kanituma."
Atakupunja kidogo. Si sana.

Mnara wa saa usiutazame kujua wakati,
utazame ujue umefika mjini.
Wale korongo wenye vipara wapitie mbali:
hawana adabu na mtu aliyevaa nyeupe.
Boda akikuambia mia mbili, cheka.
Akicheka naye, mpe mia.

Samaki umle kwa mkono, na kichwa usikiache,
utamu umejificha huko, nyuma ya jicho,
na hakuna atakayekutazama
ila mwenye kibanda, naye atakupenda.

Jumapili ni Kibuye.
Ingia kwa mitumba, utokee kwa mafundi bati,
masikio yakipiga kelele.
Huko nilinunua koti la kijivu, miaka sita sasa,
na mfukoni nikakuta tikiti ya treni.
Imeandikwa Altona.
Sijui ni mtaa au ni jina la mtu.
Nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi,
haijanidai nauli.

Saa kumi jioni radi itaanza ng'ambo ya ziwa.
Usikimbie.
Simama kwenye baraza la duka lolote.
Mwenye duka atakusogezea kreti ya soda ukalie,
atakuuliza watoto wangapi,
atailaani kaunti, ataisifu mvua,
na hapo ndipo utakapokuwa umeuona mji huu.
Mengine ni mapambo.

Ukibakiwa na nusu siku, panda hadi Maseno
ukakanyage mstari wa ikweta, mguu huku, mguu kule,
kama wafanyavyo wote.
Mimi nimepita hapo mara nisizozihesabu, sijasikia kitu.
Lakini Akeyo wangu, akiwa na miaka sita,
aliruka huku na huku mpaka ndala ikakatika,
akaja ameibeba mkononi:
"Mama, nimesafiri."

Sasa zamu yako, Bi. Henrike.
Kwenye daftari la wageni umeandika Hamburg.
Huko ndiko anakokwenda Akeyo, Septemba,
kuwauguza wazee wasio wake.
Wamempa karatasi yenye picha: bandari, makumbusho,
kanisa lenye mnara mrefu kuliko haja.
Hiyo anayo. Mimi nataka ile nyingine.

Niandikie mkate wa jana huuzwa wapi.
Niandikie benchi ambalo msichana mweusi anaweza kukalia jioni
bila kuulizwa anamngoja nani.
Mvua ikimshika, asimame kwenye baraza la nani?
Kuna mtu wa kumsogezea kreti?
Jina la huyo mtu, kama unalo.
Na Altona ni mahali pa namna gani,
panafaa koti?

Usiandike kwa pupa.
Mwisho wa chumba ni saa nne,
lakini leo nitaanza kupiga deki namba kumi,
tena polepole.
Taulo safi nimeziweka juu ya kiti.
Kalamu ni yako, ile uliyoidondosha jana
chini ya kitanda.