Karatasi ya Siku Moja

Imeandikwa kwa herufi ndogo, chini ya picha yangu
isiyocheka: mkazi wa kudumu.
Na chini ya kudumu, tarehe.
Zimebaki siku kumi na moja.

Nilikuja kwa wiki tatu.
Nisakafie kaburi la baba, nipande ndege, basi.
Mvua ya Kadutu haikuuliza ratiba yangu:
usiku wa pili ukuta wa chini uliteremka kwa majirani,
ukabeba choo, kuku wawili, na mti wa avoka
uliokwenda wima mpaka ukafika,
kama mgeni mwenye adabu.
Sasa tunapanga mawe. Bisimwa anakanyaga saruji peku,
mimi nahesabu.

Nahesabu kila kitu siku hizi.
Siku mia saba na thelathini ndani ya miaka mitano,
ndivyo nchi ile inavyopima mapenzi yangu.
Nilizipita zamani. Nililala kwao kila usiku,
nikakata mabega ya nguruwe kiwandani Winipegi,
mikono ndani ya glavu tatu,
nikaota kwa Mashi, nikaamshwa na kengele.
Hesabu yangu imetimia. Kadi ndiyo iliyochoka.
Mpya huombwa huko huko, haivuki bahari kukutafuta,
na kijana wa tiketi pale Nyawera,
kalamu sikioni, kaniambia kwa upole wa muuza majeneza:
Dada, hii ikishakufa, hakuna ndege itakayokubeba.

Ansima wangu ana miaka sita, analala kwa jirani.
Jana kwenye simu: Mama, unarudi nyumbani lini?
Nikamwambia, niko nyumbani.
Tukanyamaza wote wawili,
vocha ikaenda.

Mama anachambua sambaza, ananisikiliza kwa sikio moja.
Lete niione.
Anaifuta kwa kitenge, anaipinda, anainusa.
Ngumu hivi, na inakufa?
Halafu anacheka mpaka anashika kiuno.

Miaka ishirini na nane, anasema,
nimevuka Ruzizi kwa karatasi ya siku moja.
Asubuhi muhuri, jioni muhuri,
vitenge kwenda, nyanya kuja,
wewe mgongoni, kisha Bisimwa, kisha yule aliyetutangulia.
Karatasi laini, ya kufungia karanga.
Jioni inakufa, asubuhi unaomba nyingine.
Walibadilisha kofia, walibadilisha bendera ya kibanda,
mwenye muhuri akazeeka mbele ya macho yangu,
mwanawe akaja kukaa kwenye kiti kile kile,
akaniuliza jina.

Anarudi kwenye samaki wake.
Sijui kama ilikuwa faraja au lawama;
kwa mama vyote viwili hupakuliwa sahani moja.

Chumbani kwa baba kuna ufa.
Aliufuata kwa penseli miaka kumi na mitatu:
kijistari pale ulipoishia, na tarehe pembeni.
Oktoba. Oktoba tena. Baada ya Pasaka.
Siku niliyoondoka ameikandamiza sana,
penseli imetoboa chokaa.
Kijistari cha mwisho ni wiki mbili kabla hajafa,
na ufa umekivuka, vidole viwili,
bila kumwambia mtu.

Nimepiga mstari wangu mwishoni mwake.
Nilitaka kuandika tarehe ya leo.
Mkono ukaandika tarehe ya kadi.
Haya, tuone nani atatangulia.

Nje Bisimwa anaita, ndoo haina maji.
Na mama anataka penseli yake,
kuna mtu wa Bagira
hajalipa nyanya tangu Jumanne.