Nembo Iliyofanana na Jino

Nimeichapisha kwa Sikolia, duka la tatu kutoka posho mili,
karatasi nne za rangi, shilingi ishirini kila moja,
na sasa naitembeza sokoni Chwele
kama mtu aliyepoteza ndama:
jamani, mwaionaje?

Wa kwanza ni Nafuna wa vitunguu.
Anafuta mikono kwa leso, anaishika mbali, kisha karibu.
"Jino," anasema. "Umefungua kliniki?"
Si jino, Nafuna. Ni njugu kwenye ganda lake,
ganda limepasuka, tazama, hapa.
"Basi ni jino lenye tundu."

Kicheko hicho nimekinunua shilingi ishirini.

Wekhuyi wa mbolea hakucheka.
"Dada, kahawia hiyo, na mtu anataka kupaka mkate..."
akaiacha sentensi ikining'inia kama kamba ya mbuzi,
na mbuzi mwenyewe sote tukamwona.

Mwalimu Masengeli akachomoa kalamu nyekundu
(amestaafu mwaka wa tisa huu, kalamu haijastaafu).
"Halisi, Nasambu. Halisi, kwa s.
Siagi halizi itakufukuzia wateja waliosoma."
Sikumwambia kwamba waliosoma ndio hunikopa.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa.
Mimi kwetu nimetunzwa jino,
na ya nne nimefungia njugu za mtu.

Jioni mpwa wangu Mukhwana alikuja na simu yake
na uso wa mtu aliyepika ugali mara ya kwanza.
"Shangazi, nembo tutarekebisha. Ona tovuti kwanza."
Tukaona kiduara kikizunguka.
Kikazunguka mpaka nikageuza kikaango mara mbili.
Halafu akatokea mwanamke:
meno meupe, aproni isiyo na doa,
nyuma yake jiko la marumaru,
mkononi kijiko ambacho hakijawahi kuungua.

Nani huyu?
"Ni picha tu, shangazi. Ya bure."
Anauza nini?
"Anauza siagi yako."

Nikatazama vidole vyangu, vimekula chumvi na masizi,
na kovu la mwaka ule mafuta yaliporuka.
Nikataka kusema neno, nikakosa pa kulianzia.
Kijana alikuwa amekesha siku tatu, kwa data yake mwenyewe.
Nikasema: ni mrembo.
Nikasema: na mtu akitaka kununua, anabonyeza wapi?
Akateremsha, akapandisha, akateremsha tena.
Namba ya simu haikuwepo. Bei haikuwepo.
Palikuwepo historia yetu, aya sita,
na mimi mwenyewe sikuijua.

Ndipo mlango ukagongwa na mtoto wa Nelima,
miaka saba, mkono mmoja umeshika suruali,
mwingine noti ya mia mbili imekunjwa kama peremende.
Huyu hatukumwuliza lolote.
"Mama amesema nipewe ile ya uzi mwekundu."

Uzi mwekundu.
Mimi huufunga shingoni mwa chupa
kwa sababu vifuniko vya jumla havikazi,
naufunga na kuona haya,
kama mtu anayeficha kiraka kwa mkoba.
Miaka mitatu naficha kiraka,
na miaka mitatu Chwele nzima inakiita jina.

Mtoto alipotoka, Mukhwana alikuwa ananitazama.
"Nifute yote?"
Mwanamke mfute, nikamwambia, arudi kwake salama.
Andika bei, na namba, na s ya Mwalimu.
Kahawia ipunguze, Wekhuyi apate kula.
Ila lile jino usiliguse.
Lifunge uzi mwekundu.

Siku ya soko nikampelekea Nafuna karatasi mpya.
Akaishika mbali. Akaishika karibu.
"Afadhali," akasema.
"Sasa angalau umeanza kuling'oa."