Unga Usioliwa

Nilikinunua kwa Kaljo, kando ya barabara ya Antsla,
kimelala kwenye magugu, kutu mpaka kwenye bolti.
"Helgi," akaniambia, "hiki si kinu, ni deni lenye magurudumu."
Nikahesabu noti za pensheni bila kumjibu,
nikakifunga nyuma ya gari.

Ni kinu kweli: kina unga wake,
unga wa msonobari, mwepesi, wa rangi ya siagi,
unaoingia kwenye soksi, kwenye chai, kwenye masikio ya paka.
Hajashiba mtu.

Mwaka wa kwanza mbao zilitoka zimekunja uso.
Upande huu sentimita tatu, upande ule aibu.
Nikalala kifudifudi kwenye theluji na pimamaji,
nikaziinua reli kwa vipande vya bati,
weka kimoja, weka cha pili, toa kimoja,
hadi kile kiputo kikatulia katikati
kama mtu aliyechoka kubisha.

Mwaka wa pili bega langu la kulia liligoma
kuzungusha mpini wa kupandishia msumeno.
Nikaenda bandani, kwenye gari bovu la marehemu Endel,
gari ambalo hakutaka liguswe,
nikang'oa mota ya waipa.
Sasa nabonyeza kitufe, msumeno unapanda
kwa mlio uleule wa safari zetu za mvua kwenda Tartu.
Siku nyingine nabonyeza tu, gogo likiwa halipo.

Maji ya kupozea utepe yanadondoka
kutoka chupa ya sabuni ya vyombo.
Baridi ikizidi nayatia spiriti.
Kuunga-unga, anasema Kaljo. Naam. Naunga.

Novemba hii nilipandisha gogo lililoangushwa na dhoruba.
Ubao wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa.
Katika wa tatu msumeno ukapiga yowe,
cheche, kisha utepe ukakatika
na meno yote yakanyamaza kwa pamoja.

Nilichimbua kwa patasi: chuma, saizi ya harage.
Nikahesabu miduara kutoka gandani kuja ndani
kwa ncha ya msumari, nikipotea, nikianza upya.
Ilipofika themanini nikaweka msumari chini.
Mwaka ule mama alikuwa na miaka kumi na tisa
na alipita msitu huu kila asubuhi na ndoo ya maziwa.
Hakuwahi kunisimulia.
Mti nao haukusimulia;
uliziba kwa utomvu, ukaendelea kunenepa.

Utepe mpya, yuro thelathini. Nimeagiza pia
kile kifaa kinachonusa chuma. Nikaumaliza ule ubao.

Ndio benchi la kuvulia nguo, pale kwenye sauna.
Jumamosi Kaljo alikaa hapo kufungua viatu,
kidole chake kikakuta tundu, kikalizunguka.
"Fundo?" akauliza.
"Fundo," nikasema,
nikatoka kuongeza kuni.